Taya la Watasema

"Hivi, Mwaija, ni kweli kwamba mbwa wa kizungu akishauma, taya lake linajifunga kama kufuli, na hata ukimuua haliachii?"

Chausiku aliuliza hivyo siku ya pili tu baada ya Raheli kuhamia na mbwa wake. Alikuwa ameegemea ua wa mabua uliotenga jiko lake na jiko la Mwaija, anachambua majani ya mchunga ndani ya ungo. Hakuuliza ili ajibiwe. Chausiku alikuwa mtu wa kuuliza jambo huku jibu lake amekuja nalo.

"Nani kakwambia?" Mwaija akauliza bila kuinua macho kwenye kinu.

"Sadala. Yeye kafanya kibarua mkongeni, kawaona. Anasema akikushika ndiyo basi, mpaka radi ipige ndipo anaachia."

"Na kiangazi je? Mtu aumwe mwezi wa nane, asubiri mvua za vuli?"

Chausiku akacheka mpaka mchunga ukamwagika. Kisha akakumbuka kwamba amekuja kuogopa, si kucheka. "Wewe fanya mzaha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Kijiji chao, Kwemkambala ya Handeni, kilikuwa bado kinanuka udongo mbichi. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewatoa watu kila mmoja kwao, wengine ng'ambo ya Chanika, wengine mabondeni Korogwe, ikawapanga kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Mtu aliyezoea kumsikia jirani akitwanga kwa mbali, sasa alimsikia akikohoa kitandani. Watu wasiojuana wakiwekwa karibu namna hiyo, kabla ya kupendana huchunguzana.

Raheli alishuka kwenye lori la mwisho. Msambaa wa Vugiri, Mkristo, mjane. Mumewe Isaka alikuwa mlinzi kwenye shamba moja la mkonge, na serikali ilipoyachukua mashamba na meneja Mzungu akarudi kwao, mtoto wa mbwa wake alibaki mikononi mwa Isaka. Isaka naye akafa. Kwa hiyo Raheli alishuka na sufuria zake, jembe lake, tenga la kuku, na jibwa ambalo watu walipoliona walirudi nyuma bila kuambiwa. Mgongo mweusi, ubavu rangi ya majani makavu, masikio yamesimama kama mkonge mchanga. Akikaa kitako, kichwa chake kilimfikia Raheli kifuani.

"Anaitwa nani?" Sadala aliuliza. Yeye ndiye alikuwa mgambo wa kijiji, mwenye gobore.

"Watasema."

"Watasema nini?"

"Muulize marehemu Isaka, ndiye aliyempa jina. Yuko makaburini Korogwe."

Watu wakacheka, na Sadala hakulisahau hilo. Tena kila mtu aliielewa shabaha ya jina. Kuna maneno huwezi kumtamkia jirani usoni, basi unampa mbwa wako, halafu kila jioni unamwita kwa sauti. Raheli alipokuwa akiita "Watasema! Watasema njoo!", Chausiku alikuwa akijibu chini kwa chini upande wa pili wa ua: "Haya, tumenyamaza. Tumekoma."

Lakini hawakunyamaza. Penye kisima, penye foleni ya duka la ushirika, taya la Watasema ndilo lilikuwa habari. Sadala alisema mbwa wa namna ile huvunja paja la ng'ombe kama mtoto anavyovunja muwa. Mwingine akasema ukali wa mbwa umo kwenye kaakaa: likiwa jeusi, huyo ni muuaji, na la huyu lazima ni jeusi kama sufuria. Mwingine akaapa kwamba mbwa wa kizungu ana safu mbili za meno, ya pili imejificha nyuma ya ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametazama ndani ya kinywa chenyewe.

Mwaija hakuchangia. Tangu mumewe Abdi alipofariki alikuwa amejizoeza kusema kidogo na kutazama sana. Marehemu alikuwa mtu wa chuo cha Kurani, na Mwaija alijifunza kwake yale ya kumtosha mtu kusali sawasawa. Mbwa akiwa mkavu na wewe mkavu, hapana neno. Mate yake ni najisi, na akilamba chombo chako utakiosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa. Basi. Dini haikumwambia amchukie mbwa, na haikumwambia aamini habari za kufuli na radi. Alikaa mbali kiasi cha kuitunza nguo yake ya sala, akatazama.

Na alichokiona kilimpendeza.

Mwaka uliotangulia ulikuwa wa njaa, watu walikula yanga, yale mahindi ya msaada, mpaka watoto wakadhani mahindi yote duniani ni ya manjano. Mwaka huu mvua ilikuja, mahindi yakabeba, na nguruwe wa porini nao wakajua. Shamba la Mwaija lilikuwa la mwisho, limepakana na kichaka, na la Raheli likifuata. Kwa miaka yote huko alikotoka, Mwaija alilinda mahindi kwa debe na kelele, akaamka na macho yaliyovimba. Msimu huu alilala. Asubuhi alikuta nyayo za nguruwe zimekuja mpaka ukingoni mwa kichaka, zikageuka hapohapo. Watasema hakuwahi kumkamata hata nguruwe mmoja. Alibweka, akasimama wima katikati ya njia yao, na hilo lilitosha. Mgeni njoo mwenyeji apone, Mwaija alisema moyoni, na siku hiyo akampelekea Raheli ungo wa mbaazi.

"Mama, ahsante. Hujamwogopa mwanangu?" Raheli alipokea kwa mikono miwili.

"Namwogopa. Lakini mbaazi hazimwogopi."

Asubuhi nyingine, jua likiwa limepanda kidogo, Mwaija alikuwa anaanika mtama alipomwona Watasema anatoka kwenye nyasi ndefu nyuma ya nyumba ya Raheli. Anatembea polepole, shingo ameinyoosha, kama mtu aliyejitwika mtungi. Kinywani ana kitu cheupe. Akaenda mpaka kwa Raheli aliyekuwa ameinama anafagia, akakaa kitako, akangoja. Raheli akakinga kiganja. Yai likatua kiganjani, zima, linang'aa mate.

"Kuku huyu mwekundu ananitagia porini," Raheli alisema alipoona Mwaija kaduwaa. "Mimi silioni kiota chake. Huyu anakiona."

"Na halivunji?"

"Hajawahi. Isaka alimfundisha, alipokuwa mdogo. Kwanza alivunja mengi, tukala mayai na mchanga." Akacheka peke yake, macho yakiwa mbali. "Marehemu alikuwa na subira, mama."

Mwaija alisimama na mtama mkononi. Alikuwa ameona mikono ya wanawake wazima ikivunja mayai sokoni kwa pupa. Na hili taya, ambalo kijiji kizima kinasimulia kwamba linavunja mapaja ya ng'ombe, limebeba yai kutoka porini mpaka uani kama mtu anavyobeba amana. Alisema Subhanallah, akasema tena. Tokea siku hiyo alikuwa akichelewesha kazi zake za uani makusudi, ili amwone Watasema anapita na yai.

Aliona na jingine. Siku ya kuzindua kijiji walichinja ng'ombe, na Raheli akapewa mfupa wa goti kwa ajili ya mbwa wake. Watasema alikaa na mfupa uleule mwezi mzima. Aliuguguna kwa chonge, akaulamba, akaufukia, akaufukua. Ncha zikalainika, zikang'aa. Haukuvunjika.

Ndipo mbuzi wa Mhina akapatikana na mguu uliovunjika.

Mhina alikuwa mkulima mwenye heshima, mtu wa safu ya mbele msikitini, anayeishi na mama yake mzazi, Bibi Fatu. Alfajiri ile alimkuta mbuzi jike nje ya zizi, yu hai, anahema, mguu wa nyuma umekatika. Akamchinja kabla hajafa. Jua lilipotoka alikuwa anautembeza ule mguu nyumba kwa nyumba.

"Tazameni. Mfupa vipande viwili, kama umepigwa shoka. Mbwa gani wa kwetu anaweza hili?"

"Si wa kwetu," Sadala akadakia. "Kijibwa changu Sijali akipata mguu wa kuku anashukuru Mungu. Hili ni taya la mkonge. Mimi niliwaambia."

Kabla ya adhuhuri neno lilikuwa limekwisha kupita: Ijumaa, baada ya sala, mkutano wa kijiji shuleni, na Sadala aje na gobore. Watasema atapigwa risasi. Raheli alipoambiwa hakulia. Alimfunga mbwa kamba, akakaa naye mlangoni, mkono wake juu ya shingo yake.

Lakini Mwaija alikuwa ameamka mapema siku ile. Alipomaliza sala ya alfajiri, alitoka kwenda kisimani, na njiani alimwona Mhina akifagia. Si uani. Anafagia nje ya zizi la mbuzi, njia nzima mpaka kwenye nyasi, haraka haraka, kwa ufagio wa mama yake. Mwaija hakuwahi kumwona Mhina ameshika ufagio. Akampita kimya. Aliporudi na maji alipitia nyuma ya jiko lake mwenyewe, na hapo ambapo hakuna aliyefagia akaona nyayo. Za mbele kubwa, za nyuma ndogo, makucha yamechoma udongo. Na pembeni, kinyesi cheupe kama chokaa, cheupe kwa mifupa iliyosagwa.

Hakuhitaji kuambiwa. Mtoto yeyote wa Handeni anajua ni nani anayevunja mfupa wa mbuzi kama muwa, na kwamba hatoki Ulaya.

Tena alielewa kwa nini Mhina alifagia, na kwa nini kijiji kizima chenye wachunga mbuzi kimekubali kuwa mjinga kwa siku moja. Fisi wa porini ni mnyama. Fisi anayeingia katikati ya nyumba, watu walisema, huyo ana mwenyewe. Yuko mchawi aliyempanda akaja naye. Neno hilo likishatamkwa, linalofuata ni kutazamana. Na wakitazamana, watamtazama nani? Watamtazama mwanamke mzee. Bibi Fatu alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni mbichi wa maisha yake yote, anaongea peke yake, na huko walikotoka alishanong'onwa mara moja. Afadhali kumtazama mbwa. Mbwa mgeni, wa mwanamke mgeni, mwenye taya ambalo tayari lina sifa.

Alhamisi jioni Mwaija alikwenda kwa Mhina. Alimkuta Bibi Fatu barazani, amefunikwa kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni Mwaija? Sikuoni vizuri, lakini nimekusikia unavyokanyaga. Unakanyaga kama mtu mwenye jambo."

Mhina akatoka ndani. Wakasogea mpaka kwenye zizi, mahali bibi asiposikia.

"Kaka Mhina, nilikuona na ufagio."

Mhina akashika mti wa zizi. "Basi uliniona."

"Na mimi nyuma ya jiko langu sikufagia."

Mhina akamtazama, halafu akatazama baraza. "Mwaija, mbwa ni mbwa. Mama ni mama."

"Na Raheli?"

"Atapata mbwa mwingine. Mimi sitapata mama mwingine." Sauti yake haikuwa ya ukorofi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba. "Unajua walivyomfanyia kule? Walimtupia majivu mlangoni. Alikaa siku ngapi bila kula. Leo nimemleta hapa kwa watu wapya, anaamkiwa, anaitwa bibi. Unataka nilirudishe jina lile?"

Mwaija alimheshimu. Alikuwa ameona watoto wa kiume wengi wanaowaacha mama zao wazee kwa wajomba, na huyu alikuwa tayari kuitia nafsi yake uongoni, mtu wa safu ya mbele, kwa ajili ya macho mekundu ya kikongwe. Akarudi nyumbani akaswali. Aliomba apate njia ya kumtetea mbwa bila kumtaja fisi.

Ijumaa darasa lilijaa. Wazee kwenye madawati, wanawake upande wa madirisha, Sadala mlangoni na gobore lake. Mwenyekiti Rehani akaita "Uhuru!", wakaitika "Na kazi!", na Raheli akaingia na Watasema kwenye kamba. Dawati la mbele likahama lenyewe.

Mhina alisimama, akaonyesha mguu wa mbuzi uliokauka, akasema yake. Sadala akasema ya kufuli na radi. Minong'ono ikapita.

"Raheli, una la kusema?" mwenyekiti akauliza.

"Usiku ule alikuwa shambani kwangu, mgosi mwenyekiti. Hakuacha mahindi. Sina shahidi ila Mungu."

"Mungu hatumwiti mkutanoni," mtu mmoja akatania, na wazee wakamkemea.

Mwaija akainua mkono. Chausiku akamvuta upindo wa kanga. "Kaa chini wewe. Utaambiwa umelishwa na Wakristo." Mwaija akasimama.

"Mwenyekiti, naomba niulize. Tangu tuhamie hapa, ni nani ameumwa na mbwa? Ainue mkono."

Ukainuka mkono mmoja, mwingine, mpaka ikawa mikono ya kutosha kujaza madawati mawili.

"Wewe dada, umeumwa na nani?"

"Na Sijali wa Sadala," akajibu mwanamke wa dirishani. "Alinichania na kanga."

"Wewe?"

"Sijali."

"Na wewe Chausiku?"

"Aa, mimi aliniparuza tu kisigino," Chausiku akasema. "Sijali si mbwa wa kuhesabu, ni kijibwa."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Sadala akashika gobore kwa mikono miwili. "Mnacheka! Kijibwa kile meno yake kama mbegu za papai. Tunaongelea taya hapa! Taya!"

"Ndiyo, tuliongelee," Mwaija akasema. "Mimi jirani yake nimeliona linabeba yai kutoka porini lisivunjike."

"Yai!" Mhina akainuka. Jasho lilikuwa likimtoka. "Tuleteeni hadithi za mayai! Dada Mwaija, sisi tuna mfupa hapa. Nani katika nyinyi, asiyekuwa mwenyewe, atatia mkono wake kwenye kinywa kile? Kama yupo, asimame. Kama hayupo, Sadala afanye kazi yake."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwaija alikuwa amekwisha simama, kwa hiyo hakuwa na la kufanya ila kutembea. Alipita kati ya madawati, anajiambia kwamba huyu ni mnyama wa yai, huyu ni mnyama wa yai. Nyuma yake mtu akaita: "Mwaija! Najisi hiyo! Una udhu!"

Akageuka. "Maji yapo na udongo upo. Najisi ina dawa yake, mara saba. Na mimi nikishuhudia mnyama anauawa kwa uongo, niambieni, hiyo nitaiosha kwa nini?"

Akapandisha mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Mbele ya Watasema akapiga goti. Kwa karibu kile kichwa kilikuwa kikubwa kuliko alivyodhani, na pumzi yake ina joto la moto wa jikoni.

"Raheli, mwambie ashike."

"Mama, si lazima."

"Mwambie."

Raheli akamgusa mbwa shingoni. "Watasema. Shika."

Kinywa kikafunguka. Waliokaa mbele waliona kaakaa lake: limechanganyika, doa la waridi na doa jeusi, kama la mbwa mwingine yeyote, na meno safu moja. Kikafumba juu ya mkono wa Mwaija. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Mwaija alihisi chonge, nne, zimekaa juu ya ngozi yake kama vidole vya mganga vinavyotafuta mahali penye maumivu. Ulimi ulikuwa umelowa. Moyo wa mbwa ulikuwa unampiga kwenye mkono, au labda ulikuwa wake mwenyewe. Macho ya mnyama hayakumtazama yeye; yalikuwa kwa Raheli, yanangoja. Ile nguvu yote ilikuwepo, aliihisi, imetulia kama maji ya bwawa. Angetaka, angeufunga. Hakutaka. Mwaija alifikiri: ni watu wangapi nimewajua, wenye nguvu kidogo kuliko hii, wasioweza kuishika namna hii?

"Acha," Raheli akasema.

Akaacha.

Mwaija akainua mkono juu, wote wauone. Umelowa mate, basi. Hakuna hata alama.

"Na radi haijapiga!" Chausiku akapaza sauti kutoka dirishani, na mara hii kicheko kilitoka kwa watu wote, cha kushusha pumzi. Sadala aliegemeza gobore ukutani.

"Sikusema hawezi kuuma," Mwaija alisema. "Ana meno. Lakini kuuma ni malezi kabla ya taya. Huyu amelelewa na Isaka na Raheli, na malezi yao mmeyaona."

Alidhani yamekwisha. Akaanza kurudi, ameushika ule mkono mbali na nguo yake. Lakini mwenyekiti Rehani alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki hufika mwisho wa swali.

"Tumekubali, mama. Mbwa huyu tumwache. Lakini Mhina amepoteza mbuzi, na mfupa huu uko mbele yetu. Basi ni nini kiliuvunja?"

Darasa zima likatazama chini. Mwaija aliwaona, mmoja mmoja, watu waliokua na mbuzi tangu utotoni, wanatazama vidole vya miguu yao. Aliona Mhina anavyoushika ubao wa dawati. Kama atanyamaza, kesho swali litamrudia Watasema, maana hakuna mwingine wa kulibeba. Na kama atasema, litakwenda kwenye baraza la Bibi Fatu kabla ya magharibi.

"Fisi," akasema.

Vichwa vikageuka kwa Mwaija.

"Fisi, mwenyekiti. Mnamjua wote. Tulichinja ng'ombe siku ya kuzindua, mifupa tukaitupa shimo la nyuma ya shule hii, hatukufukia. Tumemwalika sisi wenyewe, akaja. Shimo lifukiwe leo na maboma ya mbuzi yaongezwe miba, hatarudi."

"Mama Mwaija," mwenyekiti alisema taratibu, "fisi kati ya nyumba..."

"Najua yanayosemwa. Basi sikilizeni. Nyayo zake ziko nyuma ya jiko langu. Sijazifagia, nendeni mkatazame. Kwangu ndiko alikopita, na mimi ni mjane, nalala peke yangu, na saa ya alfajiri niko nje nachota maji. Mwenye kutaka kusema fisi huyu ni wa nani, asiende kwa mtu mwingine. Aanze na mimi. Nimesimama hapa, mkono wangu una najisi mpaka kwenye kiwiko, na namwogopa Mungu peke yake. Nani anaanza?"

Chausiku ndiye aliyejibu. "Aanze nani? Wewe Mwaija? Wewe unayeniamsha mimi kwa adhana ya kikohozi chako kila alfajiri? Fisi atakayepandwa na wewe atafundishwa kusali."

Watu wakacheka kidogo, kwa aibu. Hakuna aliyeinuka. Mzee mmoja akasema shimo lifukiwe kabla ya magharibi, mwingine akasema yeye ana miba ya mkambala ya kutosha. Raheli alikuwa amefunika uso kwa upindo wa kanga, kamba imelegea mkononi.

"Mzee Mhina," mwenyekiti akageuka, "wewe ndiye mwenye mbuzi. Unasemaje?"

Mhina alikuwa anamtazama Mwaija. Akauchukua ule mguu wa mbuzi mezani, akavaa kofia yake. Badala ya kuzunguka nyuma ya madawati, alipita mbele, karibu na Watasema kiasi cha kanzu yake kugusa masikio ya mbwa, na hakuikusanya. Mlangoni Sadala akampisha. Mhina akashuka ngazi za shule, akashika njia ya nyumbani kwa mama yake.